Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Dawa ya Intaneti Inayosuasua Nyumbani

Imekuwa desturi katika nyumba nyingi za askari na polisi kulipia intaneti kila mwezi, kama zinavyolipiwa umeme, maji na karo za shule. Sababu yake inaeleweka. Baba yuko kazini mbali na mji, au mama ndiye askari naye amehamishiwa wilaya nyingine, na jamaa waliobaki nyumbani hawana njia nyepesi zaidi ya kumwona na kumsikia. Watoto nao hutafuta humo masomo yao, na malipo mengi ya nyumba hupitia humo humo. Kwa hiyo kasi ya intaneti inapopungua, si michezo ya vijana peke yake inayokwama, bali shughuli za nyumba nzima.

Inapofika hapo, wengi hukimbilia dukani. Mmoja hununua kifurushi kikubwa zaidi, wa pili hununua ruta mpya yenye antena nyingi, wa tatu hununua kikuza mawimbi kama alichokiona kwa jirani. Huenda mmoja wao akabahatika. Waliobaki hutupa fedha zao, kwa kuwa wamenunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

YALIYOTOKEA ENTEBBE

Mambo yaliyoipata jamaa moja ya mjini Entebbe yanafaa kuwa funzo. Sajini mmoja wa jeshi alipelekwa Somalia, akamwacha nyumbani mkewe, watoto watatu na mama yake mzazi ambaye miguu yake haina nguvu tena. Nyumba yao ni ndefu, imejengwa kwa matofali ya kuchoma. Waya wa intaneti uliingia kwa upande wa mbele, sebuleni, na fundi wa kampuni akaiweka ruta ndani ya kabati la televisheni. Bibi hulala chumba cha mwisho kwa upande wa nyuma, kwa sababu ndicho kilicho karibu na choo.

Kila Jumapili jioni sajini alipiga simu ya picha. Sebuleni watoto walimwona baba yao vizuri na kumsikia akicheka. Simu ilipopelekwa chumbani kwa bibi, picha iliganda, sauti ikakatika, na uso wa mwanawe ukabaki umetulia kama picha ya ukutani. Bibi hakujua habari za mawimbi. Alijua tu alichokiona.

“Huyu mwanangu ana nini na mimi?” aliuliza siku moja. “Kwenu anacheka. Akifika kwangu ananyamaza.”

Mke wa sajini aliona aibu, ingawa kosa halikuwa lake. Mwezi uliofuata alipandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi megabiti 20 kwa sekunde. Malipo yakapanda, lakini picha katika chumba cha bibi ikaendelea kuganda. Sajini naye, aliyeona fedha zinatoka na mama yake haonekani, aliuliza kwa sauti kavu, “Mama watoto, fedha za intaneti ninazotuma zinakwenda wapi?” Swali hilo lilimchoma mkewe kuliko gharama yenyewe. Majuma mawili wakazungumza kwa mkato tu.

Aliyewatoa katika tatizo hilo ni jirani yao, koplo wa kikosi cha mawasiliano, aliyekuja kumjulia hali bibi.

“Shemeji, mmekwisha kupima?” aliuliza.

“Kupima nini, shemeji?”

“Kasi. Kwanza hapa kwenye ruta, kisha kule kwa mama.”

Walipima kwa simu ya mke wa sajini. Kando ya ruta walipata megabiti 19. Katika chumba cha bibi walipata megabiti 1, na mara nyingine hata hiyo haikutimia. Koplo akasema, “Kampuni imeleta karibu yote mliyolipia. Maji yamefika mlangoni, shemeji. Yanamwagika humu ndani.”

SAFARI MBILI

Maneno ya koplo yana maana pana. Intaneti inayofika katika simu imekwisha kusafiri safari mbili, na kila safari ina maradhi yake.

Safari ya kwanza ni ya nje. Uganda haina pwani, kwa hiyo sehemu kubwa ya mawasiliano yake na dunia hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zikafika nchi kavu katika pwani za Kenya na Tanzania, kisha zikaunganishwa hadi Kampala kwa nyaya za nchi kavu. Waya wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo eneo hili lilitegemea setilaiti kwa gharama kubwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili, SEACOM na EASSy, ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki. Siku ya namna hiyo hakuna ruta duniani ambayo ingemsaidia mwenye nyumba. Hali ni hiyo hiyo endapo kifurushi ni kidogo mno, au mnara wa simu umeelemewa na watu wengi wakati wa jioni.

Safari ya pili ni ya ndani ya nyumba, kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, kompyuta au televisheni. Ni ya mita chache tu, lakini aghalabu ndiyo yenye hasara kubwa. Hapa intaneti huacha waya na kugeuka mawimbi ya redio, ambayo ndiyo yaitwayo waifai. Mawimbi haya hufifia kwa kadiri yanavyokwenda mbali. Hata mahali pa wazi pasipo na kizuizi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopokewa hushuka hadi robo. Kuta na vyuma huzidisha hasara hiyo.

Kuongeza kifurushi ni kutibu safari ya kwanza, na kununua ruta nyingine ni kutibu ya pili. Anayechanganya mawili hayo hulipa na asipone.

NAMNA YA KUPIMA

Upimaji hauhitaji fundi. Zipo programu na kurasa za bure za kupima kasi, na yeyote anayejua kutumia simu anaweza kuzitumia. Yafaa vifaa vingine vya nyumba vizimwe kwanza au vitolewe katika waifai, kisha mtu asimame hatua mbili au tatu kutoka kwenye ruta na kupima mara tatu. Halafu aende katika chumba chenye shida, apime tena mara tatu. Kazi hiyo irudiwe asubuhi, mchana na saa mbili za usiku, na matokeo yote yaandikwe katika daftari pamoja na saa yake. Askari anajua thamani ya kitabu cha matukio: jambo lisiloandikwa hubishaniwa.

Mwenye kompyuta na apime pia kwa waya, kompyuta ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na ruta. Kipimo hicho ndicho cha kuaminika kuliko vyote, kwa kuwa kinaiondoa waifai katika hesabu.

Ikiwa kasi ni ndogo hata kando ya ruta, na kwa waya vilevile, tatizo liko nje, na daftari lenye tarehe na saa litakuwa ushahidi mzuri mbele ya kampuni. Ikiwa kasi ni nzuri kwa waya lakini mbaya kwa waifai katika chumba hicho hicho, ruta yenyewe yafaa kutiliwa shaka, au mawimbi ya majirani. Ikiwa ni nzuri kando ya ruta na mbaya chumba cha mbali, kama ilivyokuwa Entebbe, tatizo ni umbali na kuta.

Jambo moja huwakosesha watu usingizi bure. Kampuni huhesabu kasi kwa megabiti, lakini kompyuta mara nyingi huonyesha kasi ya kupakua faili kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 20 akiona faili lake linashuka kwa megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, hakuibiwa. Amepata haki yake yote.

Inafaa pia kujua nyumba inahitaji kiasi gani. Simu ya picha hutosheka kwa megabiti 1 au 2, mradi zisikatike. Sinema yenye picha safi huhitaji 5 hivi. Nyumba ya watu watano isiyotazama sinema katika televisheni tatu kwa wakati mmoja inaweza kuishi vizuri kwa megabiti 10. Tahadhari ni kwamba simu nyingi hupeleka picha na video kwenye hifadhi za mbali zenyewe, bila kuuliza, mara zinapounganishwa na waifai. Vijana wanne wakirudi kutoka harusini na kuziunganisha simu zao, njia ya kupelekea hujaa, na mazungumzo ya baba yakakatika. Kazi hiyo ya simu iahirishwe hadi usiku wa manane.

MAHALI PA KUWEKA RUTA

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Ni kuihamisha ruta. Mahali pake ni katikati ya nyumba kwa kadiri waya unavyoruhusu, juu ya kimo cha mtu, na pasipozibwa. Kabati la televisheni halifai kabisa, kwa sababu televisheni yenyewe ni bamba la vyuma na saketi lililosimama mbele ya mawimbi. Nyuma ya jokofu hapafai. Kioo kikubwa cha kujitazamia, tangi la maji, mlango wa chuma na ukuta wa mabati vyote hurudisha mawimbi au kuyameza. Ukuta wa zege wenye nondo hupunguza zaidi kuliko ukuta wa mbao. Tanuri la mikrowevu nalo, likiwashwa, hutoa kelele za redio katika masafa yale yale ya waifai ya zamani, na kwa dakika zile chache picha yaweza kuganda.

Antena za ruta, kama zipo, zisimamishwe wima katika nyumba isiyo na ghorofa. Mawimbi hutoka kwa ubavu wa antena zaidi kuliko kwa ncha yake, kwa hiyo kuielekeza ncha kwenye chumba chenye shida, kama mtu anayenyosha bunduki, ni kufanya kinyume cha linalotakiwa.

Wanaotumia ruta yenye laini ya simu wana shughuli ya ziada, kwa kuwa kifaa chao kinapaswa kupokea vizuri kutoka mnarani kabla ya kugawa vizuri nyumbani. Wao na waanze dirishani, upande unaotazama mnara, wakihama dirisha hadi dirisha na kupima kila mahali. Tofauti ya madirisha mawili ya nyumba moja inaweza kuwa kubwa kushinda tofauti ya vifurushi viwili.

NJIA MBILI ZA MAWIMBI

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Aina ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini kasi yake ni ndogo na imejaa watu. Aina ya pili ina kasi kubwa na nafasi nyingi, lakini huchoka upesi ikikuta ukuta. Anayekaa chumba kimoja na ruta atumie ya 5. Aliye mbali huenda akalazimika kutumia ya 2.4.

Katika nyumba za kambini, ambapo familia hutenganishwa na ukuta mmoja, shida kubwa huwa ni msongamano. Gigahezi 2.4 ina chaneli kadhaa kwa hesabu, lakini zisizoingiliana ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Nyumba kumi zikiwa zote katika chaneli ya 6, kila moja husubiri nyingine imalize kusema, kama redio nyingi za doria katika mkondo mmoja. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha majirani wako chaneli gani. Mwenye nyumba na achague kati ya hizo tatu ile iliyo tupu zaidi. Kuchagua ya 3 au ya 8 kwa kudhani amejitenga ni kosa, kwa maana atawaingilia majirani wa pande zote mbili nao watamwingilia yeye.

LINI RUTA MPYA

Ruta huzeeka, si kwa kuchakaa tu, bali kwa kupitwa na wakati. Kanuni ya kwanza ya waifai, ya mwaka 1997, ilikuwa na kasi ya megabiti 2. Ile iitwayo Wi-Fi 4 ilikamilika mwaka 2009, Wi-Fi 5 ikafuata mwaka 2013, na vifaa vya Wi-Fi 6 vikaanza kuthibitishwa mwaka 2019. Ruta ya Wi-Fi 4 inayotumia gigahezi 2.4 peke yake inastahili kupumzishwa katika nyumba yenye vifaa vingi, hasa iliyozungukwa na majirani.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na atazame mambo matatu. Kwanza, ruta iwe na mawimbi yote mawili. Pili, ajue kwamba tarakimu kubwa zilizoandikwa juu ya sanduku ni jumla ya kasi za mawimbi yote kwa hesabu ya maabara, wala si kasi atakayoiona. Tatu, akague matundu ya nyaya, kwani ruta nyingine za bei nafuu zina matundu yasiyopitisha zaidi ya megabiti 100, na mwenye kifurushi kikubwa kuliko hapo atafungwa na tundu hilo. Idadi ya antena si kipimo cha kutosha. Wala ruta moja yenye nguvu haiwezi kuponya nyumba ndefu, kwa sababu mazungumzo ni ya pande mbili. Hata ruta ikipaza sauti, simu iliyo chumba cha mwisho bado ni dhaifu, na jibu lake halifiki.

RUTA YA PILI

Nyumba ndefu, nyumba ya ghorofa, au nyumba yenye vyumba vya uani, huhitaji kituo cha pili. Njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni kikuza mawimbi, kinachochomekwa katika soketi ya umeme. Ni rahisi kwa bei na kazi, lakini kina kasoro ya asili. Kile cha kawaida husikiliza na kusema kwa redio moja, kwa hiyo kila ujumbe husemwa mara mbili, na kasi hupungua kwa nusu hivi. Kosa la watu wengi ni kukiweka ndani ya chumba chenye shida. Hapo hakipokei kitu cha maana, nacho hukuza udhaifu. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mawimbi bado yana nguvu.

Njia ya pili, iliyo bora, ni kuvuta waya wa mtandao kutoka ruta ya kwanza hadi ruta ya pili iliyo karibu na chumba chenye shida. Waya huo hubeba kasi yote bila kupunguza hata ukifika mita 100, na nyumba ya kawaida haihitaji hata theluthi yake. Unaweza kupita darini au ndani ya bomba la plastiki pembeni mwa ukuta. Ruta ya zamani iliyolala sandukuni yaweza kufaa kwa kazi hii, kama haikufungwa na kampuni iliyoitoa.

Mipangilio yake ni ya mara moja, na kijana wa shule ya sekondari anaweza kuifanya. Ruta ya pili ipewe anwani ya ndani isiyofanana na ya kwanza. Kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta, ambayo katika ukurasa wa mipangilio huandikwa DHCP, izimwe katika ruta ya pili, kwani makarani wawili wakigawa namba katika foleni moja fujo haikosekani. Waya utoke katika tundu la LAN la ruta ya kwanza na kuingia tundu la LAN la ruta ya pili, si lile lililoandikwa WAN. Ruta zote mbili zipewe jina moja na neno la siri moja, lakini chaneli mbalimbali, ili mtu anapotembea na simu yake isihitaji kuunganishwa upya.

Njia ya tatu ni mfumo wa vituo viwili au vitatu vinavyouzwa pamoja na kujipanga vyenyewe, uitwao meshi. Unafaa pale ambapo waya hauwezi kuvutwa, kama nyumba ya kupanga isiyoruhusiwa kutobolewa. Bei yake ni kubwa. Hata huo, ukiunganishwa kwa waya, hufanya kazi vizuri zaidi.

UMEME, RADI NA ULINZI

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Waya wa shaba unaopita hewani kutoka nyumba kubwa hadi chumba cha uani unaweza kuvuta balaa na kuunguza vifaa vya pande zote mbili, hata kumdhuru mtu. Hapo fundi wa umeme aulizwe kwanza. Waya wa nyuzi za kioo usio na chuma ndani yake haupitishi umeme, na ni salama zaidi kwa kazi hiyo. Mawingu yakikusanyika, ruta ichomolewe mapema, wala si wakati radi inapopiga.

Umeme ukikatika mara kwa mara, betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta huiwezesha kuendelea kwa saa kadhaa, kwa sababu hutumia umeme kidogo tu. Mnunuzi ahakikishe volti zake zinalingana na zilizoandikwa katika adapta ya ruta.

Neno la siri nalo ni sehemu ya kasi. Jirani anayetumia waifai bila ruhusa hula sehemu ya kifurushi, na mgeni aliyemo ndani ya mtandao wa nyumba ya askari ni jambo la usalama pia. Ulinzi uwekwe kuwa WPA2 au WPA3, neno la siri liwe refu, na lile la kuingilia mipangilio ya ruta lisiachwe kama lilivyotoka kiwandani. Jina la waifai lisitaje cheo, kikosi wala namba ya nyumba.

MWISHO WA HABARI YA ENTEBBE

Jamaa ya sajini haikuanza kwa kununua. Siku ile ile koplo aliitoa ruta kabatini, akaipandisha ukutani penye mlango wa ukumbi, karibu na dari. Kasi katika chumba cha bibi ilipanda kutoka megabiti 1 hadi 4 mchana. Daftari, hata hivyo, lilionyesha kwamba usiku, majirani wakisharudi makwao, ilishuka tena na picha ikaganda. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba ruta ya pili ni haja ya kweli. Ulinunuliwa waya wa mita 25 na ruta ndogo yenye mawimbi yote mawili. Binti mkubwa aliipanga mwenyewe huku koplo akimtazama, ikatundikwa nje ya mlango wa bibi.

Kisha mke wa sajini alifanya jambo ambalo wengi hulisahau. Alikirudisha kifurushi kwenye megabiti 10. Walipopima chumbani kwa bibi walipata 9, kwa nusu ya kifurushi kilichokuwa kikiwapa 1. Tofauti ya malipo ya kila mwezi ilifidia waya na ruta kwa muda mfupi, na mke akampelekea mumewe picha ya kurasa za daftari, pamoja na saa na tarehe. Sajini alizisoma, kisha akamwandikia, “Nilikosa kuuliza vile. Nisamehe, mama watoto.”

Jumapili iliyofuata bibi aliketi kitandani mwake, simu ikiwa imeegemezwa juu ya mto. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, naye mwana akatikisa kichwa, akacheka, akasogea karibu. Bibi akasema, “Umekonda. Huko hawakupi chakula?” Jibu likaja papo hapo, naye akalisikia lote.

Kwa ufupi, mwenye nyumba na apime kwanza, ahamishe ruta pili, abadili chaneli tatu, na anunue mwisho. Akinunua, anunue kitu kilichoonyeshwa na daftari lake, si kilichosifiwa na muuzaji.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kutunza betri za sola za nyumbani wakati wa mvua.